Aibu ni ya Nani?

Kuna neno ambalo sisi sote tumelisikia tangu utoto: «Mambo ya nyumba hukaa ndani ya nyumba.» Mke akija kwa jirani na jicho lililovimba, jirani humpa maji ya kunawa, kisha humwambia neno hilo. Akienda kwa wazazi wake, hulisikia tena. Tumelisikia Bukavu na Kalemie, tumelisikia Lubumbashi. Lakini halikuzaliwa kwetu tu. Katika miji ya Uingereza, ndani ya nyumba za Wahindi, Wapakistani na Wabengali waliohamia huko, neno hilo husemwa kwa lugha nyingine, na matunda yake ni yale yale. Leo twataka kubishana nalo. Nasi twalifuata huko mbali kwa sababu huko wanawake wenyewe walisimama kulijibu, na jibu lao lafaa kujulikana hata huku.

Msomaji mmoja atauliza: «Wahindi wa Uingereza watuhusu nini?» Tumjibu kwanza. Watu hao si wageni kabisa kwetu. Wengi walitoka moja kwa moja Punjab, Gujarat, Mirpur na Sylhet, walipoitwa na kazi za viwanda katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini wengine walipitia Afrika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 tu za kutoka nchini, na watu kama 28,000 wakapokelewa Uingereza. Wengi wao walianza maisha mapya katika mji wa Leicester, na wazee wao wengine hawajasahau Kiswahili. Basi twasema juu ya majirani wa zamani.

Tena tuseme mapema jambo moja la haki. Hatusemi kwamba waume wa Asia ni wakali kuliko waume wengine. Mzungu hupiga mke, Mkongomani hupiga mke. Nyumba ya kuwapokea wanawake waliopigwa ilipofunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971, ilijaa upesi, na Waingereza wenyewe walikuwamo. Fimbo ni moja. Kinachotofautiana ni mlango wa kutokea.

Tazama hali ya bibi arusi aliyeletwa kutoka kijiji cha Punjab au cha Sylhet. Ameingia nchi ya ugeni kwa karatasi za mumewe. Anakaa nyumba moja na mama mkwe, mashemeji na mawifi. Kiingereza hakijui. Pasipoti yake imefungwa katika kabati la mama mkwe, na dhahabu aliyopewa na wazazi wake imefungwa humo humo. Akipigwa, mara nyingine si mume peke yake ampigaye. Akipelekwa kwa daktari, wifi hufuatana naye ili amtafsirie, na daktari huambiwa kwamba ameanguka ngazini. Katika Kipunjabi na Kiurdu kuna neno izzat, maana yake heshima ya ukoo, na neno sharam, maana yake haya. Izzat ya ukoo mzima imewekwa juu ya kichwa cha mwanamke huyo kama mtungi. Akikimbia, watu watasema kwamba yeye ndiye aliyeuvunja. Yule ampigaye hasemwi kwamba amevunja kitu.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Kiranjit Ahluwalia, mzaliwa wa Punjab. Aliolewa mwaka 1979, akakaa na mumewe katika mji wa Crawley, kusini ya London. Kwa miaka kumi alipigwa. Mara mbili, mwaka 1983 na mwaka 1986, tribinali ilitoa amri ya kumkataza mume, mume hakukatazika. Jamaa walijua, nao walitaka avumilie kwa ajili ya heshima ya ukoo. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1989 mume alimtisha kwa pasi ya moto, kisha akaenda kulala. Kiranjit akamwagia petroli, akamtia moto. Siku chache baadaye mume akafa. Desemba ya mwaka ule ule mke alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kuua.

Tendo hilo hatulisifu. Mtu amekufa kifo kibaya, na watoto wawili wakabaki bila baba, na mama yao gerezani. Lakini twauliza: katika miaka kumi ile, nani alimwonyesha mwanamke huyo mlango ambao angeweza kuupita? Tribinali ilimpa karatasi ya Kiingereza, jamaa wakampa shauri la kuvumilia. Hata siku ya hukumu hakusema karibu neno lolote juu ya mateso yake. Asemeje mbele ya wanaume wageni mambo ya chumba cha ndoa, yeye aliyefundishwa tangu utoto kwamba kuyasema ni kumvua nguo baba yake?

Mwaka ule ule Kiranjit alipoolewa, yaani mwaka 1979, lilianzishwa katika mtaa wa Southall, magharibi ya London, kundi la wanawake liitwalo Southall Black Sisters. Wasomaji wasidhani kwamba hao ni masista wa utawa. Ni wanawake wa kawaida, wa asili ya Asia na ya Afrika, waliojiita ndugu. Hao ndio walioipokea kesi ya Kiranjit. Walimwendea gerezani, wakamsaidia kupata watetezi wapya, na mambo ambayo tribinali ya kwanza haikuyasikia yakaletwa mbele, pamoja na ushahidi wa waganga juu ya huzuni nzito iliyokuwa imemlemea akili. Julai 1992 tribinali kubwa ilivunja hukumu ya kwanza. Septemba ya mwaka ule ilikubaliwa kwamba hakuua kwa akili timamu, akapewa kifungo sawa na muda aliokwisha kukaa ndani. Akatoka siku ile ile.

Sasa tuje kwenye mabishano yenyewe. Tumesikia sauti tatu zinazopinga msaada wa namna hii, na kila moja hujivika nguo ya heshima.

Sauti ya kwanza yasema: «Tuziheshimu desturi zao.» Hiyo ni sauti ya polisi mpole, ya mwalimu, ya mkubwa wa ofisi. Mzungu huyo anaogopa kuitwa mbaguzi, basi anageuka upande mwingine na kusema kwamba Waasia wana njia zao. Sisi twasema kwamba hiyo si heshima hata kidogo. Ni uvivu uliotiwa manukato. Maana akisema «desturi zao», amemwuliza nani? Amemwuliza mume na baba mkwe. Mwanamke hakuulizwa, kana kwamba yeye si wa kabila lile, kana kwamba bibi yake na mama yake hawakuwa na desturi.

Kumbe walikuwa nazo. Mwaka 1984 Krishna Sharma, mwanamke wa Southall aliyekuwa akiteswa katika ndoa yake, alikutwa amekufa, na ikasemwa kwamba amejiua. Je, wanawake walifanya nini? Walitoka njiani, wakaenda kusimama mbele ya nyumba ile, wakapaza sauti ili mtaa mzima usikie. Mambo hayo hawakuyajifunza kwa Waingereza. Huko India, mwishoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa Delhi walisimama vivyo hivyo mbele ya nyumba ambamo maarusi walikuwa wamekufa kwa moto kwa sababu ya mali ya ndoa. Maana kwao, tofauti na kwetu, ni wazazi wa bibi arusi wanaotoa mali kwa upande wa mume, na sheria ya mwaka 1961 iliyokataza mali hiyo haikuimaliza tamaa. Basi wanawake walichukua silaha ya zamani, ndiyo aibu, wakaigeuza. Zamani aibu ilikuwa juu ya yule aliyepigwa. Wao wakaipeleka hadi mlangoni kwa yule aliyepiga. Hapo ndipo mahali pake.

Hata ndani ya serikali wengine walifunguka macho. Mwaka 1999 Mike O'Brien, aliyekuwa waziri mdogo wa mambo ya ndani, aliwaambia wabunge kwamba kuheshimu mila za mataifa mbalimbali hakuwezi kuwa kisingizio cha kuwa kipofu mbele ya uovu. Sheria ya mwaka 2007 ilianza kuwakinga walioozwa kwa nguvu, na tangu mwaka 2014 kumwoza mtu kwa nguvu ni kosa la jinai huko. Tena mapatano ya mataifa ya Ulaya yaliyotiwa sahihi Istanbul mwaka 2011 yasema wazi, katika kifungu cha 42, kwamba desturi, dini au heshima ya ukoo haiwezi kuwa udhuru wa kumdhuru mwanamke.

Sauti ya pili yasema: «Wazee watawapatanisha.» Sauti hii yatugusa, kwa sababu sisi Waafrika twapenda baraza la wazee, na twajua kwamba limeponya nyumba nyingi. Lakini upatanisho ni kazi ya watu wawili wenye uwezo wa kusema. Tazama baraza hilo limekaaje. Wazee ni rafiki za baba mkwe. Wamekula arusini kwake, na watoto wao wataoana na watoto wake. Mwanamke anaketi peke yake; ndugu zake wa damu wako mbali, ng'ambo ya bahari. Mwisho wa baraza ni ule ule siku zote: mume anaahidi, mke anarudi. Na usiku ule analipa kwa sababu ya kusema.

Ndiyo sababu wenye kuwasaidia wanawake hawa walijifunza mambo ambayo mtu wa nje hangeyafikiri. Mtafsiri asiwe jamaa ya mume, wala mtoto wa mwanamke mwenyewe, wala jirani wa msikiti mmoja au hekalu moja atakayeyabeba maneno hadi sokoni. Nyumba ya kukimbilia isiwe mtaa ambamo mwenye teksi na mwenye duka wanajuana wote. Anwani yake isitajwe hovyo. Hayo si mambo ya kucheza. Balwant Kaur alikuwa amekwisha kukimbia; alikuwa amepokelewa katika nyumba ya wanawake wa Asia huko Brent, London. Mwaka 1985 mumewe aliipata nyumba ile, akamwua humo humo, mbele ya watoto wake. Anayesema «mrudishe wakapatane» na afikiri juu ya mama huyo kabla hajafungua kinywa mara ya pili.

Sauti ya tatu ni ya kisasa zaidi, nayo yasema: «Nyumba moja yatosha kwa wote. Kupigwa ni kupigwa. Kuwatenga Waasia ni kuwagawanya watu.» Sauti hii ilifika mpaka tribinali. Baraza la mji wa Ealing, ambamo Southall imo, lilikuwa likiwapa fedha wanawake wale wa Southall kwa miaka mingi. Kisha likaamua kwamba fedha zitakwenda kwa kazi moja ya jumla, ya kuwahudumia wote kwa namna moja. Wanawake wakashitaki. Julai 2008 baraza lenyewe lilikubali kulivua shauri lake wakati kesi ikiendelea, na mwamuzi Moses akaeleza katika hukumu yake kwamba usawa hauondoi haja ya msaada wa pekee kwa watu wenye shida ya pekee.

Sisi twaona kwamba alisema kweli. Kuwapa wote chakula kimoja si usawa. Mwanamke Mhindu hali nyama ya ng'ombe. Mwislamu hali nguruwe. Mpeleke usiku wa manane, na watoto wawili, katika nyumba ambamo hakuna sufuria awezayo kuigusa, hakuna mtu ajuaye jina la Mungu kwa lugha yake, hakuna awezaye kumwambia «dada, pumzika» akaelewa. Siku ya tatu atarudi kwa mumewe, na wenye nyumba watasema: «Tulimsaidia, mwenyewe alikataa.» Hakukataa msaada, msaada haukumfikia. Huko Marekani waliielewa haja hiyo pia. Manavi ilianza New Jersey mwaka 1985 kwa ajili ya wanawake wa Asia ya kusini, na huko Chicago ilianzishwa Apna Ghar mwaka 1989. Jina hilo kwa Kihindi na Kiurdu maana yake ni nyumba yetu wenyewe. Katika jina hilo limo shauri zima: anayekimbia nyumba huhitaji nyumba. Paa peke yake halimtoshi.

Lakini, wasomaji, tusiwatwike mama wakwe na wazee mzigo wote. Kuna kamba nyingine iliyosokotwa na serikali yenyewe. Mke aliyeletwa kutoka nje aliwekwa katika muda wa kujaribiwa: kwanza mwaka mmoja, tangu 2003 miaka miwili, tangu 2012 miaka mitano. Ndoa ikivunjika ndani ya muda huo, haki yake ya kukaa yaweza kuvunjika pamoja nayo. Tena katika muda huo hana ruhusa ya kupokea msaada wa fedha za serikali. Na nyumba za kimbilio hulipiwa kwa sehemu kubwa kwa fedha hizo hizo! Basi mwanamke hubisha, na mlango hauwezi kufunguliwa, maana hakuna wa kumlipia kitanda. Mume alijua jambo hilo vizuri. Hakuhitaji fimbo kila siku, ilitosha kumwambia: «Nitakurudisha kwenu.»

Wanawake wa Southall na wenzao walipigana na kamba hiyo fundo kwa fundo. Mwaka 1999 serikali ilianza kuwaruhusu walioteswa kuomba kukaa, na mwaka 2002 ikaingiza jambo hilo katika kanuni zake. Mwaka 2012 ukaanzishwa mpango wa kuwapa miezi mitatu ya kupokea msaada wakati ombi lao likiangaliwa. Lakini mpango ule uliwekwa kwa wake wa namna fulani za karatasi tu. Wengine waliachwa nje. Sheria kubwa juu ya mateso ya nyumbani ilipojadiliwa mwaka 2021, serikali ilikataa kuwaingiza wanawake wahamiaji wote. Na ilipoyathibitisha mapatano ya Istanbul mwaka 2022, iliweka kando kifungu cha 59, ambacho ndicho kinachosema juu ya haki ya kukaa ya wanawake hao. Basi serikali ile ile iliyowaambia Waasia waache desturi mbaya ilibaki imeshika ncha ya kamba. Huo ni unafiki, nasi twauita kwa jina lake.

Tumalizie nyumbani kwetu. Wako Wakristu watakaotuambia kwamba ndoa haivunjwi, na kwa hiyo mke avumilie. Tuwajibu kwa sheria ya Eklezya yenyewe. Kifungo cha ndoa hakifunguliwi na binadamu, ni kweli. Lakini kanuni ya 1153 ya Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 yasema kwamba, mmoja wa wenye ndoa akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho, huyo mwenzake ana sababu ya haki ya kutengana naye. Na kama kukawia kwaleta hatari, aweza kuondoka hata kabla ya kungoja amri ya askofu. Tena Papa Fransisko aliandika katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika familia kwamba mara nyingine kutengana ni lazima. Anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo kwa jina la sakramenti hajaisoma sheria anayoitaja.

Na sisi je, tuna milango ya namna gani? Katika miji yetu mwanamke aliyetoka kijijini, asemaye Kishi au Kilega tu, akienda polisi hukuta karatasi za Kifaransa, na mara nyingine mtafsiri wake ni shemeji ya mumewe. Tofauti yake na bibi arusi wa Southall ni ndogo sana. Basi kila parokia ichague mama wawili au watatu wenye kinywa kilichofungwa na masikio yaliyofunguka, wanaojua lugha za mahali. Kiwepo chumba kimoja kisichotangazwa, chenye mkeka na sufuria. Na baraza la wazee likiitwa, mwanamke asiketi peke yake, na swali la kwanza lisiwe «Ulimkosea nini?» Aulizwe mume, mbele ya wote: «Mkono wako umefanya nini?»

Tukiuliza hivyo, aibu itamfuata mwenyewe. Mama akipita njiani na jicho lililovimba, asiwe yeye wa kuinamisha kichwa.